Mkanda wa Jeshi Unapoacha Mkono au Mguu Bila Nguvu

Mazungumzo yetu na wakazi wa Dodoma kuhusu ugonjwa, dawa na haki za mlaji



Tuliombwa tuzungumze juu ya dawa zinazouzwa kwa ajili ya mkanda wa jeshi, nasi tutafanya hivyo. Hata hivyo, tumeona ni heri tuanze na jambo ambalo halisemwi sana katika vikao vya namna hii, ilhali ndilo linalowamalizia watu fedha bila faida: mkono unaokosa nguvu, au mguu unaolegea, majuma mawili au matatu baada ya upele wa mkanda kutokea. Wakati huo mgonjwa huwa amekwisha kujihesabia kwamba amepona. Malengelenge yamefanya magamba, magamba yameanza kubanduka, majirani wamekwisha kutoa pole na kurudi mashambani. Kisha asubuhi moja anauinua mkono ili avae shati, nao hauinuki. Hapo ndipo majina huanza kutolewa. Huyu husema ni kiharusi, yule husema amerogwa, mwingine hudai ni bega lililoteguka usingizini. Na kila jina linalotajwa lina mtu aliye tayari kuliuzia dawa.

Neno letu la leo ni hili: ule upele uliokauka na huu udhaifu wa kiungo mara nyingi ni ugonjwa mmoja, wenye chanzo kimoja, na anayeuelewa hivyo hujiokolea muda, fedha na pengine mkono wake.

Tatizo la kwanza liko kwenye jina lenyewe. Mkanda wa jeshi ni jina zuri, kwa sababu linachora picha: upele unaouzunguka ubavu upande mmoja kama mkanda wa askari. Hapo kifuani na ubavuni ndipo ugonjwa huu hupenda kutokea, na kila mtu mzima hapa Dodoma akiuona huko huutambua. Lakini ugonjwa huu haukuapa kukaa kiunoni. Hufuata njia ya mshipa wowote wa fahamu: waweza kushuka kutoka shingoni hadi kidole gumba, waweza kupita mbele ya paja hadi gotini, waweza kutokea usoni na kulizunguka jicho. Ukitokea mkononi haufanani na mkanda hata kidogo. Hufanana na mtu aliyemwagikiwa uji wa moto, au aliyetambaliwa na mdudu usiku, na ndivyo watu wasemavyo. Kwa kuwa haukuitwa mkanda tangu mwanzo, udhaifu unapokuja hakuna anayekumbuka kuuhusisha na ule upele. Nao mkono na mguu ndizo sehemu ambazo udhaifu huu huonekana na kumwathiri mtu zaidi. Kwa hiyo tunawaomba mliweke hili moyoni: upele wa malengelenge yaliyokusanyika kama vichala, ulio upande mmoja tu wa mwili, unaotanguliwa au kuambatana na maumivu ya kuchoma kama moto au pilipili, ni mkanda wa jeshi popote utokeapo.

Chanzo chake ni tetekuwanga. Wengi wetu tuliiugua tukiwa watoto, tukapona, tukasahau. Kirusi chake hakikutoka mwilini. Hujificha katika vifundo vidogo vya mishipa ya fahamu vilivyo kando ya uti wa mgongo, kikalala humo miaka ishirini, arobaini, hata sitini. Siku kinga ya mwili inapopungua, kwa uzee au kwa maradhi, huamka na kusafiri kwenye mshipa hadi kwenye ngozi. Jambo hili lilielezwa vizuri na Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo nchini Uingereza, ambaye mwaka 1965 alichapisha maelezo yaliyotokana na kumbukumbu za wagonjwa wake wa miaka 16. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na daftari na subira. Tunamtaja kwa sababu wahudumu wa zahanati zetu nao wana madaftari.

Sasa, upele ni wa ngozi. Nguvu ya mkono inapoteaje? Kila mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo una mizizi miwili. Mzizi wa nyuma hupeleka habari kwenye ubongo: joto, baridi, maumivu, mguso. Mzizi wa mbele huleta amri kwenye misuli: inuka, kunja, shika. Kirusi hulala kwenye kifundo cha mzizi wa nyuma, ndiyo sababu dalili ya kwanza ni maumivu. Lakini mizizi hiyo miwili ni majirani, na mbele kidogo huungana na kuwa mshipa mmoja. Kila mkulima wa hapa anajua moto wa kusafishia shamba unavyoweza kuvuka mpaka upepo ukigeuka. Uvimbe ulioanza nyuma huvuka ukaunguza na mzizi wa mbele, na misuli inayopokea amri kutoka hapo hukaa bila kuamriwa. Misuli yenyewe haina ugonjwa. Kilichoharibika ni njia ya amri.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1866 daktari William Broadbent wa London alichapisha habari za mgonjwa aliyetokwa na upele wa namna hii mkononi, kisha baadhi ya misuli ya mkono huohuo ikapooza. Ni zaidi ya miaka 150 sasa, na bado wapo wagonjwa wanaozungushwa mwezi mzima kabla ya mtu kuwauliza kama walitokwa na upele.

Udhaifu hufuata mahali upele ulipopita, na hiyo ndiyo alama yake kubwa. Aliyetokwa na malengelenge begani na juu ya mkono atashindwa kuinua mkono kufikia ndoo iliyo kichwani, au kushika mikasi ya kupogolea mizabibu iliyo juu ya kichwa chake. Upele ukiwa umepita upande wa kidole kidogo, mshiko ndio hulegea: vifungo vya shati havifungiki, mwiko wa ugali unateleza mkononi. Ukiwa mbele ya paja, goti hukatika ghafla mtu anaposhuka ngazi au anapoinuka kwenye kigoda. Ukiwa upande wa nje wa mguu chini ya goti, unyayo hukosa kuinuka vema. Mgonjwa hujikwaa kwenye ardhi tambarare, na kandambili humtoka mguuni bila yeye kujua. Tunazitaja dalili hizi kwa kazi za nyumbani kwa sababu ndivyo zinavyoanza kuonekana. Hakuna anayeamka akasema msuli wake fulani umedhoofika. Husema, kandambili yangu inanitoka.

Upele wa tumboni nao waweza kuulegeza ukuta wa tumbo upande mmoja hadi ukajitokeza kama puto. Huonekana kama ngiri, na wapo wagonjwa duniani waliokaribia kupasuliwa kwa ngiri isiyokuwapo. Ule wa sikioni waweza kuupindisha uso. Ule wa sehemu za chini, karibu na makalio, waweza kuzuia mkojo.

Msiogope kupita kiasi. Miongoni mwa watu 100 wanaougua mkanda, wanaopata udhaifu wa misuli unaoonekana wazi ni kati ya mmoja na watano. Tena takriban wawili kati ya kila watatu wanaoupata hurudishiwa nguvu zao zote au karibu zote. Isipokuwa hazirudi kwa juma moja. Hurudi kwa miezi sita, kwa mwaka, wakati mwingine kwa miaka miwili. Urefu huo wa muda ndio mwanya wanaopitia wauzaji wa matumaini. Mgonjwa anayejua kwamba atangoje miezi hanunui chupa inayoahidi siku saba.

Kuhusu kiharusi tunataka kusema kwa uangalifu. Kiharusi huja kwa ghafla, kwa dakika, na kwa kawaida hushika upande mzima: uso unavutwa, mkono na mguu vinaanguka pamoja, maneno yanakokotwa. Udhaifu wa mkanda hujijenga kwa saa hata siku, hukaa kwenye kiungo kilekile kilichotokwa na upele, na mara nyingi huambatana na maumivu na ganzi mahali hapohapo. Tofauti hii inamfaa daktari kuliko inavyomfaa jirani. Msikae nyumbani mkibishana ni kipi kati ya hivyo viwili, maana mkanda wa usoni waweza wenyewe kufuatwa na kiharusi. Udhaifu wowote wa ghafla ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo miguu yote miwili ikilegea, mkojo ukikataa kutoka, mtu akichanganyikiwa, jicho likiuma na kuwa jekundu, au pumzi ikiwa fupi baada ya mkanda wa shingoni. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wakazi wa kanda hii wana sababu ya kuukumbuka, nao ni ukoma. Pale Hombolo walitunzwa wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Mkono unaolegea polepole kwa miezi, pamoja na baka lisilohisi mguso, bila malengelenge na bila maumivu ya moto, usidhaniwe kuwa mkanda. Dawa za ukoma hutolewa bure, nao hupona.

Tuje sasa kwenye neno ambalo wengi mnalingoja, nao wengine hawataki litamkwe. Mkanda wa jeshi umefungamanishwa na virusi vya UKIMWI katika fikra zetu tangu miaka ya themanini, na haukufungamanishwa bure. Mwaka 1988 watafiti waliokuwa Kinshasa walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wao wa mkanda walikuwa na VVU. Mpaka leo kijana anayepata mkanda katika nchi zetu anapaswa kupimwa. Lakini angalieni jinsi ukweli huo ulivyogeuka kuwa hukumu. Mtu huficha upele chini ya shati la mikono mirefu kwa siku kumi, kwa kuwa akienda zahanati atasemwa. Wakati anapotoka mafichoni, siku ambazo dawa ingefanya kazi vizuri zimekwisha. Mkanda huwapata pia wazee wenye umri wa zaidi ya miaka 50 wasio na ugonjwa mwingine wowote. Huwapata wenye kisukari, wenye saratani na wanaotumia dawa za kupunguza kinga. Bibi wa miaka 70 wa Kondoa anayeugua mkanda hana cha kueleza kwa mtu yeyote. Naye kijana atakayekutwa na VVU hupatiwa dawa bila malipo katika kliniki za tiba na matunzo, na kuanza mapema kunamlinda dhidi ya mengi mabaya kuliko mkanda. Kipimo ni sehemu ya matibabu. Anayempima mgonjwa hapaswi kumdhihaki, na anayedhihakiwa ana haki ya kumlalamikia mhudumu huyo kwa mganga mfawidhi wa kituo.

Dawa inayomkabili kirusi huyu ipo, na si ngeni. Huitwa asikloviri, kwenye boksi mtaikuta imeandikwa Aciclovir au Acyclovir. Gertrude Elion, mmoja wa wanasayansi walioongoza kazi iliyoizaa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Haiui kirusi kilicholala, bali humzuia aliyeamka asizaliane. Ndiyo maana inahitajika mapema, ndani ya saa 72 tangu upele wa kwanza. Tafadhali hesabuni vizuri: saa hizo huanza upele ulipotokea, hazianzi siku mlipoamua kwenda hospitali. Kwa mtu wa Bahi au Chemba anayengoja siku ya mnada ili apate usafiri, siku tatu ni fupi sana. Aliyechelewa naye asikate tamaa: kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka, kama upele uko usoni, kama kinga yake ni dhaifu, au kama kiungo kimeanza kulegea, daktari bado anaweza kuona faida ya kumpa.

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndipo mlaji hupoteza zaidi. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku 7. Vidonge vingi vinavyopatikana ni vya miligramu 200. Pigeni hesabu pamoja nasi: vidonge vinne kila mara, mara tano, ni 20 kwa siku, kwa siku saba ni 140. Kama ni vya miligramu 400, ni 70. Sasa mtu huenda dukani akauziwa karatasi moja ya vidonge kumi, akaambiwa ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni. Amenunua dawa ya kweli, iliyosajiliwa, kwa bei halali, na hajatibiwa. Siku ya tano anasema dawa za hospitali hazina kitu, anakwenda kwa mwingine. Kabla ya kulipa, ulizeni maswali mawili tu: kila kidonge kina miligramu ngapi, na vyote ni vingapi hadi mwisho? Kipimo huamuliwa na daktari, na mwenye ugonjwa wa figo lazima aseme, kwa sababu kwake hupunguzwa. Kunyweni maji ya kutosha katika siku hizo. Wala msichanganye na vidonge vikali vya maumivu mlivyojinunulia bila kumwuliza mtoa dawa, kwani baadhi yake huzielemea figo.

Jambo la pili ni bomba. Ipo krimu ya asikloviri yenye jina lilelile, nayo ni rahisi na hupatikana kwa urahisi zaidi. Krimu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya homa mdomoni. Mkanda wa jeshi hautibiwi kwa kuupaka. Kirusi kiko ndani kwenye mshipa, si juu ya ngozi. Muuzaji anayewaambia kwamba krimu na vidonge ni kitu kimoja hajasema kweli.

Na mengine? Unga wa kapsuli za antibayotiki unaonyunyizwa juu ya vidonda haumgusi kirusi, na huweza kuleta aleji. Majivu na dawa ya meno huchafua kidonda. Osheni kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kausheni, funikeni kwa kitambaa safi. Kufunika kuna faida nyingine: majimaji ya malengelenge yaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, hasa mjamzito na mtoto mchanga. Hayawezi kumpa mtu mkanda moja kwa moja. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zile ambazo wengine hutumia kujichubua, zisipakwe kabisa. Sindano za steroidi zinazochomwa vyumba vya nyuma kwa ahadi ya kurudisha nguvu za mkono ni hatari kwa mwenye kisukari, kifua kikuu au VVU. Kama zinahitajika, aamue daktari aliyekwisha kumpima mgonjwa. Nayo ile habari kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mtu hufa haina msingi. Upele huu kwa kawaida hukomea katikati ya mwili, kwa kuwa mshipa wenyewe hukomea hapo. Hofu ya ncha kukutana imewauzia watu dawa nyingi sana.

Chanjo ya kuzuia mkanda imetengenezwa, na inatumika katika baadhi ya nchi kwa wazee. Haimo katika ratiba ya chanjo za taifa letu, kwa hiyo hatutaitolea maneno mengi. Anayeitaka azungumze na daktari wa hospitali ya rufaa, asiinunue kwa mtu anayemletea kwenye mfuko.

Kiungo kikishalegea, tiba kubwa ni mazoezi. Mwombeni daktari awapeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali yenye huduma hiyo. Kazi yake si kuulazimisha mshipa upone. Mshipa hukua tena kwa mwendo wake wenyewe, polepole mno. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku amri zitakaporudi zitakuta kiungo kisichokakamaa. Bega lisilosogezwa kwa miezi mitatu huganda, na hapo mshipa ukipona bado mkono hauinuki. Hivyo ndugu wa nyumbani wajifunze kumsaidia mgonjwa kuuzungusha mkono taratibu kila siku. Unyayo unaoanguka waweza kuwekewa egemeo, na viatu viwe vya kufunga, si kandambili.

Kukanda kwa maji moto tunajua kunapendwa. Tunawasihi kwa jambo moja: mahali upele ulipopita huwa na ganzi. Mgonjwa atasema maji ni ya vuguvugu huku ngozi yake inaungua. Mtu mwenye mikono mizima ndiye ajaribu maji kwanza. Na msikubali kuchanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine. Mtaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Maumivu yaweza kubaki baada ya ngozi kupona, na kwa haya vidonge vya kawaida vya maumivu havitoshi. Mara nyingi daktari huandika amitriptilini usiku, kwa kipimo kidogo. Mgonjwa akisoma karatasi iliyomo kwenye boksi hukuta imeandikwa kuwa ni dawa ya sonona, naye hapa Dodoma, ambako hospitali ya Mirembe iko karibu na kila mzaha, hudhani amechukuliwa kuwa mgonjwa wa akili. Huiacha, halafu halali. Dawa hiyo hutuliza pia mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, na ndiyo sababu umepewa. Wala kutibiwa Mirembe si aibu, lakini hilo ni la mazungumzo mengine.

Walioajiriwa wajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Itahitaji cheti cha daktari, kwa hiyo anayejitibu kwa siri hujinyima na hiki. Mkulima hana likizo hiyo. Kwake tunasema familia ipange mapema nani atashika jembe wakati wa palizi, badala ya kuuza mbuzi wawili kumlipa anayeahidi kwamba mkono utarudi kabla ya mvua.

Mnaponunua, dawa iwe ndani ya kifungashio chake, yenye jina, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, na mdai risiti. Risiti ndiyo ushahidi wenu. Dawa mnayoitilia shaka, au iliyowaletea madhara, ipelekeeni taarifa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 mliijua kama TFDA. Makao yake makuu yako hapa Dodoma. Duka linalotoa dawa za cheti bila cheti, au linaloendeshwa na asiye na sifa, ni la Baraza la Famasi. Mganga wa jadi aulizwe usajili wake kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na yule wa kweli hatakasirika kuulizwa. Tangazo la uongo la bidhaa linaweza kupelekwa Tume ya Ushindani. Kama hamjui muanzie wapi, anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, nao watawaelekeza.

Mkifika kwa daktari na kiungo kilicholegea, msiseme tu kwamba mkono unauma. Mwambieni siku malengelenge ya kwanza yalipotokea, muonyesheni kovu mahali lilipo hata kama amewaomba muonyeshe kidole tu, mtajieni kila kitu mlichomeza na mlichopaka, na kama mna boksi tupu mlibebe. Waliokuja leo na dawa zao mifukoni wanakaribishwa kwenye meza yetu baada ya mazungumzo haya. Tutazisoma pamoja, moja baada ya nyingine.